Jina la Kwanza la Wakili Lofton

Mjini Tallabee, katika jimbo la Georgia, hapakuwa na kola ya mzungu iliyosimama wima bila Parthenia Lofton kuhusika. Alifua, akatia wanga, akapiga pasi, akarudisha nguo kwa mlango wa nyuma. Alifanya hivyo tangu usichana wake mpaka magoti yalipoanza kulia kila alipopanda ngazi, na muda wote huo wenye kola walimwita Parthy. Alipoota mvi walimpandisha cheo, wakaanza kumwita Shangazi. Hakuwa na mpwa wa kizungu hata mmoja, na jambo hilo alikwisha kulichunguza, ila hakuna aliyemwuliza.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kwetu. Mzungu akianza tu kuvaa suruali ndefu huitwa Mista, na ole wako usahau. Mwanamume mweusi huitwa boi mpaka azeeke, akizeeka huitwa Mjomba, kisha hufa. Mwanamke huitwa kwa jina lake la kwanza kama ng'ombe wa maziwa, baadaye Shangazi, kisha naye hufa. Mista na Bi hatukupewa hata kwenye matangazo ya vifo gazetini, wakati ambapo ungedhani haimgharimu mtu kitu.

Baba yake Parthenia alikuwa shemasi wa kanisa, mzee mrefu, mkavu wa maneno. Siku moja dukani, mtoto wa mwenye duka, ambaye bado alikuwa akifungwa kamba za viatu na mama yake, alimwambia, “Boi, hebu shika huu mfuko.” Shemasi akaushika. Parthenia alikuwa amesimama kando ya pipa la asali ya miwa, akaona yote. Alirudi nyumbani akapiga pasi mashuka ya watu mpaka moja likaungua, na hilo ndilo shuka pekee aliloliunguza maishani mwake.

Haukupita muda, wifi yake akajifungua mtoto wa kiume, akafariki siku ileile. Kaka yake Parthenia alikaa kibarazani hajielewi, na baadaye akaenda Detroit kuunda magari, asionekane tena. Kazi ya kumpa mtoto jina ikamwangukia Parthenia.

“Mtoto aitwe nani?” aliuliza mkunga.

“Mista.”

“Mista nani?”

“Mista Lofton.”

“Parthenia, nakuuliza jina la mtoto, si la babake.”

“Ndilo hilo nililokupa.”

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Watu hawa wameng'ang'ania kutuita kwa majina ya kwanza. Sawa, na wamwite. Wala hakuwa peke yake katika maarifa ya namna hiyo. Mtaani kwetu alikuwapo mtoto aliyeitwa Kanali, na kule karibu na kiwanda cha mbao walikuwapo akina Malkia wawili ambao walikuwa hawasemeshani.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja tu. Wazungu hawakumwuliza mtoto jina. Walimwita boi, wakaridhika.

Basi Parthenia akangoja. Mtoto akanenepa, kwa kuwa mkate wa mahindi wa shangazi yake haukuwa wa mchezo, na nyumbani akaitwa Kitumbo. Shuleni kwetu mwalimu alimwita Mista Lofton kama ilivyoandikwa, na wenzake hawakuona ajabu. Akasoma, akafaulu, akaenda Washington kwenye chuo chetu cha sheria, shangazi yake akifua kwa ajili hiyo mpaka usiku wa manane. Huko ndiko mambo yalikoharibika. Wahadhiri walikuwa na adabu zao, kila mwanafunzi walimwita Mista. Siku ya kwanza mhadhiri aliita majina, akasema, “Mista Mista Lofton,” akasita, akatazama tena karatasi. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana alitoka pale akajiandikisha upya kwa herufi moja, M.

Aliporudi Tallabee na kufungua ofisi juu ya duka la kinyozi wetu, kaunti nzima haikuwahi kuona wakili mweusi. Wapo walioleta watoto kuja kumtazama. Jioni ya kwanza alikaa jikoni kwa shangazi yake, akala kambale wa kukaanga, akafuta mikono, akakohoa.

“Shangazi, nina ombi. Jina langu usilitoe.”

“Nisilitoe kwa nani?”

“Kwa wazungu.”

“Si ndio niliowatengenezea?”

“Najua, Shangazi.”

“Mimi nakuita Kitumbo. Sasa hilo la Mista ulidhani nilimtafutia nani, paka?”

Alimngoja apoe. Hakupoa, ikabidi aseme tu.

“Wakiniita Mista kwa sababu ndilo jina langu, nitajuaje siku watakayoniita kwa sababu mimi ni mtu mzima? Siku hiyo nataka niisikie mwenyewe, bila ujanja wowote.”

“Na isipokuja?”

“Nitabaki M.”

Parthenia aligeuka akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Alikuwa amesubiri umri wote wa kijana huyu asikie mzungu mmoja, yeyote, akilazimika kulitamka lile neno. Sasa mwenye jina mwenyewe analifungia kabatini. Ilimkata maini. Lakini alimpenda huyu kijana kuliko alivyoupenda mpango wake, na hilo nalo lilimuudhi.

“Haya,” alisema. “Sitalitoa. Kula.”

Upande wetu wote wa mji ulilijua jina lile, na wote tukanyamaza. Ilikuwa siri iliyojulikana na kila mtu isipokuwa waliofichwa.

Kule mahakamani ilikuwa shida kubwa. Siku ya kwanza askari wa mahakama alimwonyesha wakili benchi la washtakiwa. Alikaa hapo, na zamu yake ilipofika akasimama kutoka hapohapo akamtetea mtu wake. Jaji Wardlaw alikuwa mwungwana wa kizamani, asiyepaza sauti, na hakujua amwiteje. Mista haikuwezekana, ingemkwama kooni. Boi haikufaa kwa mtu aliyekuwa akimnukulia kifungu cha sheria. Jina la kwanza ndilo lingeokoa kila kitu, lakini jina la kwanza lilikuwa M. Basi jaji akawa anamwita kwa kukohoa. Akikohoa mara moja, wakili anasimama. Akikohoa tena, wakili anakaa. Mafua yalipoingia mjini, kesi moja ilisimama na kukaa asubuhi nzima.

Aliyeumia zaidi alikuwa Clyde Rountree, wakili wa kaunti. Huyu alilifanya jambo lile kuwa kazi yake. Aliuliza posta, akaambiwa M. Aliuliza benki, akaambiwa M. Mwishowe akamwuliza mzee wetu aliyekuwa akimkatia majani uani kwake.

“Huyo wakili wenu, jina lake la kwanza nani?”

“Ndiyo, Mista Rountree, ni wa kwanza.”

“Nasema jina. La kwanza.”

“Ndiyo, bosi. Hatujapata mwingine kabla yake.”

Rountree alimtazama sana yule mzee. Yule mzee aliendelea kukata majani.

Mwaka mmoja baada ya vita vya pili vya dunia, maneno yalitoka huko juu kwamba weusi wa Georgia nao wapige kura kwenye mchujo wa chama, ambao kwetu ndio uchaguzi wenyewe, si ule wa baadaye tu, wa mabaki. Parthenia alivaa kofia yake ya kanisani akaenda kujiandikisha. Karani wa wapiga kura, Mista Stubbs, alimwona akiingia, akafungua droo, akatoa mkate wenye nyama, akauma.

“Nakula, Shangazi. Rudi baadaye.”

Alirudi baadaye, bado anakula. Alikwenda asubuhi milango inapofunguliwa, akakuta anakula. Watu wetu wengine nao walipokwenda, walikuta hivyohivyo. Haikuwahi kutokea mtu mwembamba kiasi kile akala namna ile. Kwenye sheria hapakuwa na neno lililomkataza mtu kula.

“Nataka kuandikwa kabla sijafa,” Parthenia alimwambia mpwa wake. “Baba yangu alikufa hajaandikwa popote ila kwenye jiwe. Mimi nataka kwenye daftari lao, lile la kaunti, nionekane.”

Wakili Lofton akapeleka shauri mahakamani. Wiki ile Parthenia alipiga pasi mashati ya Jaji Wardlaw kama kawaida, ila wanga ulizidi kidogo. Siku ya kesi jaji alikaa kitini akitazama mbele moja kwa moja, hawezi kugeuza shingo kushoto wala kulia.

Sisi tulikuwa juu roshani, mahali petu, tumebanana. Parthenia aliapa kwa Biblia ya weusi. Ya wazungu ilikuwa pembeni yake, ina jalada zuri zaidi, ingawa maneno, nasikia, ni yaleyale. Mpwa wake akamwuliza, naye akaeleza habari za mkate na nyama bila kutia chumvi. Kisha Rountree akasimama, mikono mifukoni.

“Haya, Shangazi, tuambie.”

Parthenia alinyosha glavu zake.

“Shangazi, nasema na wewe.”

“Ah, mimi? Nilidhani unasema na dada wa baba yako.”

Roshani nzima ilipatwa na kikohozi. Jaji naye akakohoa, wakili Lofton akasimama kwa mazoea, akakaa.

Rountree hakukasirika. Alikuwa na kitu mfukoni, na hakikuwa mkono tu. Alimgeukia jaji akasema kwamba karatasi ya mahakamani lazima isainiwe na wakili kwa jina lake kamili, na hii imesainiwa kwa herufi moja, kama gunia la mbegu. Aliomba shauri litupwe. Wakili Lofton akasema kwamba jimbo zima lilimsajili kama M. Lofton na halijalalamika. Jaji akafikiri. Alipenda sana kulijua lile jina, kuliko alivyotaka kulitupa shauri. Akasema bila kugeuza shingo:

“Shahidi ndiye aliyemlea. Na ajibu. Jina likijulikana, karatasi itasimama. Likikosekana, shauri limekwisha, na shahidi atakwenda rumande kwa kuidharau mahakama.”

Basi mambo yakawa hivyo. Akilitoa jina, amevunja ahadi aliyompa mtoto wake mezani pake. Akilificha, daftari la kaunti litabaki bila yeye, na yeye atalala ndani na magoti yale. Alimtazama mpwa wake. Mpwa wake alitikisa kichwa kidogo sana. Maana yake ilikuwa: usiseme, tutaleta shauri jingine. Lakini kwa umri wake Parthenia hakuwa na mashauri mengi yaliyobaki.

“Wewe ndiye uliyemlea huyu,” alianza Rountree.

“Ndiyo.”

“Alipokuwa mtoto, ulikuwa ukimwita?”

“Nilikuwa nikimwita.”

“Ukimwitaje?”

“Kwa sauti. Alikuwa akicheza mbali.”

“Ukimwita unasemaje?”

“Nasema chakula tayari.”

“Na asipokuja?”

“Alikuwa anakuja, Mista Rountree. Mtazame.”

Huko juu tulikuwa tumejiuma midomo. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kofia. Hata mwandishi wa mahakama, binti wa kizungu mwenye miwani, aliinama karibu na mashine yake kuliko ilivyohitajika. Rountree alitoa mikono mifukoni.

“Umeapa mbele ya Mungu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nyumbani kwako, jina ulilomwita kijana huyu ni lipi? Jibu au askari akuchukue.”

Hapo Parthenia akaona upenyo, na kwa kuwa alikuwa amechoka hakuuchunguza. Swali lilikuwa ni jina la nyumbani. La nyumbani alikuwa nalo jingine. Ahadi ingebaki nzima, na kiapo kingebaki kizima.

“Kitumbo,” alisema.

Mpwa wake alifumba macho.

Jina la nyumbani kwetu halitoki nje ya uzio. Linajulikana na wanaokupenda na wanaokuosha. Hakuna mtu wetu ambaye angelisema mbele ya wazungu akiwa na akili zake timamu, na Parthenia alilijua hilo tangu utotoni, na bado likamponyoka kwa sababu alikuwa analinda jingine. Alitambua kosa lake kabla Rountree hajaanza kutabasamu.

“Kitumbo,” Rountree alisema taratibu, akilionja. Wazungu waliokaa chini yetu walianza kucheka. “Basi tumepata. Mheshimiwa, mwandishi aandike kwamba wakili wa mlalamikaji ni Kitumbo Lofton. Kitumbo, una pingamizi? Hebu simama, Kitumbo, tukuone.”

Kicheko kikajaa ukumbi. Jaji alitabasamu kwa shida, kola ikiwa imembana. Wakili Lofton alisimama, mikono imeshika ukingo wa meza, na masikio yake yakawaka kwa aibu, kama yalivyowaka siku alipokuwa mdogo akarudi kutoka mtoni wakubwa wamemnyang'anya samaki. Parthenia aliyaona masikio yale. Akainuka kitini. Si kiapo kilichomwinua, wala si hofu ya rumande. Zilikuwa hasira za mama.

“Hilo ni langu!” alisema, na sauti yake ikafika mpaka roshani. “Hilo si la kwako kulitia mdomoni. Ulitaka jina lake la kwanza? Lichukue. Jina lake la kwanza ni Mista.”

Kicheko kilikatika.

“Mista nani?” aliuliza Rountree.

“Lofton.”

“Nimekuuliza jina la kwanza!”

“Nimekujibu.”

“Mheshimiwa, mwanamke huyu anatuchezea.”

“Sikuchezei. Nilimpa mimi mwenyewe siku aliyozaliwa, mama yake akiwa bado hajapoa. Baba yangu alikuwa shemasi, na alikufa akiitwa boi na watoto wenu wenye makamasi. Nikasema huyu hapana. Huyu mtamwita. Sasa mwite.”

Kila njia ya kumwita aliyoitafuta Rountree ilipita kwenye neno lilelile. Jaji Wardlaw aligeuza kiwiliwili kizima, kwa kuwa shingo haikukubali, akamkabili wakili mweusi. Hakukohoa.

“Je, ni kweli?”

“Ni kweli, Mheshimiwa,” alisema Wakili Lofton. “Ndilo jina langu. Nimelificha kwa hiari yangu, na shangazi yangu amelificha kwa kunipenda.” Akavuta pumzi. “Siiombi mahakama iniite hivyo. Kuniita hivyo kutakuwa ni kunisoma tu, kama kibao cha barabarani. Ninaomba jambo jingine. Shahidi aliye mbele yako hakupewa jina la heshima na mtu. Anaitwa Parthenia basi. Ninaomba mahakama imwite Bi Lofton, kwa sababu si jina lake.”

Mzee aliyekuwa karibu nami alisema “Bwana Yesu” polepole, akavua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua.

Jaji alikaa na shingo yake. Upande mmoja kulikuwa na Mista ambayo ni jina, upande mwingine Bi ambayo si jina, na yeye katikati, mtu aliyelelewa vizuri. Akilitupa shauri, litakwenda kwa majaji wakubwa wa Atlanta, na wao wataisoma kumbukumbu yote, pamoja na Kitumbo, pamoja na mkate na nyama, na juu kabisa kutakuwa na jina la Wardlaw.

“Shahidi ashuke,” alisema mwishowe.

“Mheshimiwa,” aliuliza binti wa mashine, “kwa upande wa wakili, niandike jina gani?”

“Andika Wakili.”

“Wakili peke yake?”

“Si ndiye? Ombi limekubaliwa. Karani amwandikishe mlalamikaji leo hii, kabla ofisi haijafungwa. Na kesi hii nisiione tena.”

Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu Jaji Wardlaw alimwita Wakili, na kikohozi chake kikapona. Watu wengine walisema ni ushindi, wengine walisema jaji amekimbia. Nadhani yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

Kwenye ukumbi wa nje Parthenia alimshika mpwa wake kiwiko.

“Nimeivunja ahadi.”

“Ulikuwa chini ya kiapo, Shangazi.”

“Nisikudanganye. Kiapo nilishakitimiza. Nilisema kwa hasira.”

“Hilo la Kitumbo liliniuma.”

“Najua, baba. Nisamehe. Hilo la Kitumbo ndilo nitakaloulizwa mbinguni.”

Alikuwa analia, na hakujificha. Mpwa wake alimpa leso, iliyopigwa pasi na Parthenia mwenyewe, wakashuka pamoja mpaka ofisi ya wapiga kura.

Mista Stubbs alikuwa ameshaletewa amri ya jaji. Hakuwa na mkate safari hii. Ndani hapakuwa na kiti cha weusi, kwa hiyo Parthenia alisimama karibu na ukuta, na sisi tulioshuka kutoka roshani tukajipanga ukumbini nyuma yake. Stubbs alifungua daftari, akachovya kalamu.

“Parthenia,” aliita.

Parthenia aliitazama picha ya jenerali iliyoning'inia ukutani.

“Parthy!”

Jenerali alikuwa na ndevu nyingi.

“Shangazi, njoo basi.”

“Shangazi,” mpwa wake alinong'ona, “anakuita.”

“Anamwita nani?”

“Wewe.”

“Sijasikia.”

“Ofisi itafungwa muda si mrefu. Amri imesema leo. Tukiikosa leo atapata mwanya, tutaanza upya kabisa.”

“Basi tuanze upya.”

“Ulisema unataka kuandikwa kabla hujafa.”

“Ndiyo. Mimi. Siyo huyo anayemwita.”

Wakili ndiye aliyesimama mahakamani akaliomba neno lile, na sasa ndiye aliyekuwa na hofu. Mtu mmoja alitaka kumletea Parthenia kasha akalie, akakataa kwa mkono.

Stubbs alikuwa kwenye shida yake pia. Amri ilimtaka amwandikishe leo, na jaji hakuwa katika hali nzuri. Mwanamke aliyepaswa kuandikwa alikuwa hatua chache mbele yake, na hakuwa amefika. Aliita tena, mara Parthenia, mara Wewe hapo. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Wenzake walivaa kofia wakaondoka. Tumbo lake lilinguruma, na ukumbi mzima ukalisikia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akizungumza. Aliitazama saa. Alitutazama sisi. Aliutazama mlango, kama kuna mzungu mwingine karibu wa kumsikia. Hapakuwa na yeyote.

“Bi Lofton,” alisema, akiliambia daftari.

“Nipo, Mista Stubbs,” alijibu Parthenia, akaenda.

Alitembea vizuri kabisa. Alifika mezani, akavua glavu ya mkono wa kulia, akapokea kalamu. Kisha akatazama nyuma amtafute mpwa wake amshuhudie. Wakili Lofton alikuwa ameugeukia ukuta, chini ya yule jenerali, mabega yanatikisika.

“Unalia nini wewe?”

“Silii, Shangazi.”

“Alikuwa na njaa tu.”

“Najua.”

“Hakumaanisha.”

“Najua, Shangazi.”

“Haya, lia umalize,” alisema Bi Lofton, “halafu ufute uso, uje unishuhudie nikiandika.”